Usimeze P2 Kwa Sababu ya UE

Mwaka jana wiki ya UE nilihesabu kalenda nikakuta siku zangu zinaangukia palepale kwenye pepa la Saikolojia ya Elimu. Mimi nikiwa kwenye hedhi tumbo linanikata mpaka natapika, kwa hiyo kukaa saa 3 kwenye kiti kulinitisha kuliko pepa lenyewe. Shosti wangu wa chumbani akasema, "Meza P2, zitasogea mbele." Nikameza. Dukani hakuna aliyeniuliza kitu. Damu ikaanza siku 2 kabla ya pepa, na pepa lilipofika bado ilikuwepo.

Baadaye ndiyo nikaelewa. P2 ni ya dharura ya kuzuia mimba, ndani ya saa 72 baada ya kufanya bila kinga. Haikutengenezwa kusogeza hedhi. Inaweza kuiwahisha, inaweza kuichelewesha. Wewe unabaki kubahatisha.

Mwaka huu kabla ya BTP nilikwenda kumwona daktari. Shule niliyopangiwa choo cha walimu hakina maji, na msimamizi kutoka chuo alikuwa anakuja wiki ileile. Yule mama alinihoji kwanza: una mimba? Damu imewahi kuganda mguuni? Kuna kichwa kinachoanza kwa kuona vimulimuli? Kuna aliyeganda damu kwenu? Ndipo akaniandikia norethisterone, miligramu 5 mara 3 kwa siku, nianze siku 3 kabla ya tarehe yangu. "Na hii haikukingi na mimba, mwanangu, usijidanganye." Matiti yaliuma, tumbo likajaa kama nimekula maharage ya kantini. Lakini nilifundisha. Nilipoacha vidonge, siku ya 3 hedhi ikaja.

(Wenye kutumia majira vya homoni mbili, pakiti ya vidonge 28, wengi wanaweza kuruka vile 7 vya mwisho visivyo na homoni na kuanza pakiti mpya. Kamuulize anayekupa.)

Wapo watakaosema tunaingilia kazi ya Mungu. Jino likiwauma wanang'oa, jamani. Kinachonikera mimi ni kwamba haya mambo tunanong'onezana usiku hosteli, anayejua na asiyejua sauti moja, halafu asubuhi mtu yuko dukani. Serikali ya wanafunzi kila mwaka inaleta watu watufundishe ujasiriamali. Wamlete na mfamasia, hata saa 1 tu, kabla ya UE. Na maji vyooni, maana wengine tusingehitaji hata hivyo vidonge.

Wiki ya 4 ya BTP binti wa kidato cha 3 alinifuata nje ya ofisi ya walimu. Walikuwa na mechi ya netiboli Jumamosi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, eti kuna kidonge cha kuzuia zisije?" Nilikaa naye chini ya mwembe, kisha tukaenda wote kwa matroni.

Mwaka jana ningemwambia P2.