Ekipe Kubwa na Karatasi Moja

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya ndoa, masomo na pesa za mgodi. Mwezi huu tutazungumza juu ya mpira. Mama, usifunge gazeti! Jambo hili linakuhusu wewe pia.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu jioni, kisha ibada ya katikati ya juma. Mtoto wake anacheza vizuri sana. Nimemwona mwenyewe akipiga mpira kwenye uwanja wetu wa mawe ya volkano, mahali ambapo wengine wanaogopa hata kukimbia. Watu fulani walikuwa wanatafuta vijana kwa ekipe ya watoto wasiopita miaka 15. Mama akaniambia: "Pasta, unisaidie na karatasi moja tu. Uandike kama alizaliwa 2010. Nani atajua?" Kitabu chetu cha watoto waliowekwa mbele ya Bwana kinaonyesha 2007.

Nilimwomba anipe siku mbili. Mbele ya kuwaambia nilichomjibu, nataka tutembee kidogo pamoja mpaka Lubumbashi, katika mji wa shaba, kwa ekipe ambayo karibu kila kijana wa Kongo anajua jina lake: Tout Puissant Mazembe.

Ekipe hii haikuzaliwa na matajiri. Ilizaliwa shuleni katika mwaka 1939, wakati mji ulikuwa ukiitwa Elisabethville. Wamonaki Wabenedikto waliokuwa wakisimamia shule ya Saint-Boniface walitaka wanafunzi wao wasiojifunza upadri wawe na mchezo mzuri wa kufanya. Wakaunda ekipe, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya pineo za magari. Wakati wa Zaïre, majina ya kigeni yalipoachwa, ikawa Mazembe. Katika mwaka uleule wa 1939 ikazaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, ekipe ya watu wa reli. Tangu hapo nyumba nyingi za Lubumbashi zimegawanyika: baba ni wa Lupopo, mama ni wa Mazembe, na siku ya mechi kila mtu anakula upande wake.

Mwaka 1966 Englebert ilichukua ubingwa wa Kongo, na ndipo jina "Tout Puissant" likashikamana nayo. Sisi wahubiri tunasikia vibaya kidogo, maana Mwenyezi ni mmoja tu. Lakini tuwaache, tuendelee.

Mwaka 1967 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika, na kupambana na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi ilikuwa 1-1. Kule Kinshasa ikawa 2-2. Ikaamuliwa wacheze tena mara ya tatu, huko Yaoundé. Siku ilipofika, Englebert walikuwa tayari, lakini Kotoko hawakutokea. Waghana walisema habari ya mechi haikuwafikia. Kombe likapewa Englebert. Angalia vizuri, kijana: kombe la kwanza kubwa la ekipe hii lilikuja kwa sababu ujumbe mmoja haukufika kwa wenyewe. Weka jambo hilo katika kichwa, tutalirudia.

Mwaka 1968 hakuna aliyeweza kunung'unika. Waliifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 Kinshasa. Kule Lomé wakafungwa 4-1, lakini kwa jumla wakashinda 6-4. Wakawa ekipe ya kwanza kuchukua kombe hilo mara mbili mfululizo. Wakafika fainali tena 1969, wakashindwa na Ismaily ya Misri. Wakafika tena 1970, na Kotoko wakalipiza: 1-1 Kumasi, kisha 2-1 mbele ya watu wa Kinshasa. Fainali nne katika miaka minne!

Mwaka 1980 Mazembe ikachukua Kombe la Washindi, kwa kuishinda Africa Sports ya Abidjan. Kisha hapo kukawa kimya. Miaka 29 bila kombe lolote la Afrika. Watoto waliozaliwa 1980 walioa, wakazaa, na bado walikuwa wanasikia habari za makombe kwa baba zao tu. Ninyi mliokaa karibu na mgodi mnaelewa: kuna wakati mshipa unaonekana, na kuna wakati unachimba mwaka mzima na unapata udongo tu. Mwaka 1997 Moïse Katumbi akawa presida wa ekipe, akaanza kuijenga upya.

Mshipa ukaonekana mwaka 2009. Fainali ilikuwa na Heartland ya Nigeria. Kule kwao Mazembe walifungwa 2-1, Lubumbashi wakashinda 1-0, na goli la ugenini likawapa kombe. Mwaka uleule kijana wao Trésor Mputu alichaguliwa na CAF kuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika.

Sasa, sikiliza yaliyompata Mputu. Mwezi wa tano 2010 Mazembe walikuwa hapa karibu, Kigali, katika mashindano ya Kagame. Hasira zikapanda, na Mputu akamshambulia arbitri. FIFA ikamfungia mwaka mzima. Jambo la dakika moja tu!

Mwisho wa mwaka huo, ekipe yake ilifika mahali ambapo hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imefika. Kwanza waliiponda Espérance ya Tunis 5-0 kule Lubumbashi, wakatoka 1-1 Tunis, kombe la nne. Kisha wakaenda Abu Dhabi kwa Kombe la Dunia la klabu. Tarehe 10 mwezi wa 12 wakaifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, goli la Bedi. Tarehe 14 wakaifunga Internacional ya Brazili 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka, na kipa Kidiaba akarukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Wazee wa kanisa walicheka mpaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ile. Tarehe 18 Inter Milan ikawafunga 3-0, na goli la pili likafungwa na Mwafrika mwenzao, Samuel Eto'o. Hakukuwa na haya ndani yake. Mwaka 2013 Raja ya Casablanca nao walifika fainali hiyo, wakafungwa 2-0 na Bayern München ya Ujerumani.

Lakini Mputu hakucheza Abu Dhabi. Mchezaji bora wao, katika siku kubwa kuliko zote za ekipe yake, alikuwa amefungiwa.

Tufike sasa kwenye karatasi. Mwaka 2011 Mazembe walianza tena safari ya Kombe la Mabingwa. Walikutana na Simba ya Dar es Salaam. Lubumbashi ilikuwa 3-1, Dar es Salaam 3-2, na mara zote mbili Mazembe walishinda. Uwanjani hakukuwa na neno. Simba walipeleka mashtaka mezani kwa CAF: beki mmoja wa Mazembe, aliyetoka Espérance, hakuwa na haki ya kucheza. CAF ikaangalia mambo ya mkataba wake, ikakubali mashtaka. Mwezi wa tano 2011 bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo akaondolewa mashindanoni. Hakuondolewa na mguu wa mtu. Aliondolewa na karatasi.

Simba na Wydad ya Casablanca wakaambiwa wacheze wao kwa wao ili mmoja achukue nafasi iliyobaki wazi. Wydad ikashinda 3-0, ikaendelea mpaka fainali. Na wale wachezaji wengine wote wa Mazembe, waliotoa jasho bila kosa lolote? Walibaki nyumbani. Hapo ndipo pananiuma mimi. Karatasi mbaya ya mtu mmoja hailipwi na mtu mmoja. Inalipwa na ekipe nzima.

Si Waafrika peke yao, msifikiri hivyo. Kule Ujerumani, katika mji wa Gelsenkirchen, kuna ekipe inayoitwa Schalke 04. Ilizaliwa 1904 kati ya watu wa makaa ya mawe, na mpaka leo wachezaji wake wanaitwa kwa jina la wachimbaji. Mwaka 1930 wachezaji wake wengi walisimamishwa, kwa sababu walipewa pesa kupita kiasi kilichoruhusiwa na sheria ya wakati ule. Aibu ilikuwa kubwa katika mji. Lakini walikubali azabu, wakarudi uwanjani, na mwaka 1934 wakawa mabingwa wa Ujerumani. Wakaurudia ubingwa huo mara nyingine sita, mara ya mwisho 1958. Mwaka 1997 waliishinda hata Inter Milan, kwa penalti, wakachukua Kombe la UEFA. Mwaka 2018 mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe magumu katika Ujerumani ulifungwa. Mwaka 2021 Schalke wenyewe wakashuka daraja. Migodi imefungwa, lakini watu bado wanajaza uwanja. Baba unayechimba coltan, fikiri hapo kidogo: mgodi utakwisha siku moja. Je, watoto wako watabaki na kitu gani cha kuwaunganisha?

Mazembe nao walisimama tena. Mwaka uleule wa azabu, 2011, walifungua uwanja wao mpya katika mtaa wa Kamalondo. Na katika zile mechi mbili na Simba walikuwa wameona kijana mmoja Mtanzania, Mbwana Samatta. Wakamnunua. Walioshtakiwa wakapata baraka kutoka kwa mshtaki wao! Mwaka 2015 Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali na USM Alger, 2-1 kule Algiers na 2-0 Lubumbashi. Kombe la tano. Mwezi wa kwanza 2016 akatajwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika, akaenda Ubelgiji. Mazembe wakaongeza Kombe la Shirikisho 2016 na 2017. Na ninyi mabinti, msikae pembeni: mwezi wa 11 mwaka 2024 ekipe ya wanawake ya Mazembe iliifunga AS FAR ya Maroko 1-0, tena nchini Maroko, ikawa bingwa wa Afrika.

Sasa nirudi kwa yule mama. Siku mbili zilipopita nilimwita pamoja na kijana. Nikafungua kitabu, nikawaonyesha mstari wenye jina lake. Nikasema: "Mama, karatasi nitakupa. Nitaandika 2007." Mama akanyamaza. Kisha akasema: "Pasta, wengine wote wanapunguza miaka. Mtoto wangu peke yake ndiye atabaki kuchimba?"

Sikuwa na jibu jepesi, na sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa nalo. Ni kweli, wengine wanapunguza. Ni kweli, wengine wanapita na hawakamatwi. Lakini mtoto anayeandikwa 2010 atalazimika kusema uongo ule kila siku: shuleni, kwenye kadi, mbele ya daktari, mbele ya bibi atakayemuoa. Na siku atakapopanda juu, kama Mungu akimpandisha, ndiyo siku mtu fulani ataleta mashtaka mezani. Simba hawakuishtaki ekipe ndogo. Waliishtaki ile iliyowashinda.

Nafasi ile ilipita. Walichukua wengine. Mama hakunisalimu kwa muda wa miezi mitatu; alikuwa akitokea mlango wa pembeni kisha ibada. Ilinisumbua sana, maana ni mama anayefanya kazi ngumu, na hakuomba kwa ubaya. Aliomba kwa upendo.

Kijana bado anacheza. Tulitafuta ekipe ya wakubwa ya mtaa, ambayo haiulizi miaka ya mtu. Mara ya kwanza wanaume wale walimwangusha mpaka nikaogopa kwa mifupa yake. Sasa hawamwangushi tena hovyo. Je, atafika Kamalondo siku moja? Sijui. Lakini akifika, atafika na miaka yake yote.

Wazazi, msomeni pamoja na watoto wenu 2 Timoteo 2:5. Ni mstari mfupi, na unazungumza juu ya mchezo. Kisha mzungumze juu ya maulizo haya mezani:

1. Katika nyumba yetu, kuna karatasi gani isiyosema kweli?
2. Mputu alikosa Abu Dhabi kwa hasira ya dakika moja. Hasira yangu inaweza kuninyima nini?
3. Tukimkatalia mtoto njia ya uongo, tunamsaidia namna gani apate njia nyingine? Kumkatalia peke yake haitoshi.

Tuonane mwezi ujao, Bwana akipenda. Na ninyi wa Lupopo, msiniandikie kwa hasira. Nitawafikia.

Mchungaji wenu