Kabla Hatujaviuza kwa Kilo

 

Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani mwetu na mikokoteni yao, na mizani wanayo. Kwenye mizani hiyo jembe la babu, mundu wa nyanya na ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi huwekwa pamoja na bomba lililopasuka na sufuria iliyotoboka, vyote vikapimwa kwa kilo. Hatumlaumu mnunuzi, maana anatafuta riziki ya halali. Wala hatuwalaumu wenye nyumba, kwani si kila kikuukuu chastahili kuwekwa. Tunaloomba wiki hii ni jambo moja: kabla chombo hakijatoka mlangoni, na tuulize kilishikwa na nani, kikafanya kazi gani. Chuma hupimwa kwa mizani. Mkono uliokishika haupimiki.

Chuma chenyewe kina heshima katika dini yetu. Sura ya 57 ya Qur'ani imepewa jina lake, na aya yake ya 25 yataja nguvu zilizomo ndani yake na manufaa yake kwa watu. Naye Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma, akakifanyia kazi kwa mikono yake. Katika pwani yetu habari zake ni za kale mno. Sharif al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliutaja mji wa Malindi na kueleza kwamba watu wake walichimba chuma, na biashara ya chuma ndiyo iliyowaletea faida kubwa kuliko zote. Basi mwenye jembe kuukuu nyumbani ameshika ncha ya uzi mrefu sana.

Jembe la mhunzi na jembe la kiwandani mara nyingi hutambulikana kwa mahali lilipounganishwa na mpini. La mhunzi lilikuwa na mkia mwembamba uliotiwa moto, kisha ukachomekwa katika kichwa kinene cha mpini hadi ukatokea upande wa pili. La kiwandani lina tundu la duara, na mpini ndio uingiao ndani yake. Tena jembe la zamani halikufa siku moja. Lilipoanza likiwa pana lilivunja ardhi ngumu. Lilipolika likawa kiserema, chepesi mkononi, likafaa kwa palizi. Na kiserema kilipokwisha kabisa, chuma chake kilirudi kwa mhunzi kikawa kisu. Neno hilo kiserema, vijana wetu wangapi walijua leo? Chombo kikitoweka, jina lake nalo hulegea ulimini.

Katika makumbusho na katika vitabu, zana za kilimo mara nyingi huwa zile za shambani peke yake. Lakini mavuno hayawi chakula mpaka yapite mikononi mwa wanawake. Kuna kinu na mchi vya kutwangia mpunga na mtama. Kuna uteo wa kupepetea. Kuna kifuo, ule mti uliochongoka na kusimikwa ardhini ili kufulia nazi. Kuna mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kukamulia tui. Kuna mawe mawili ya kusagia, la chini limetulia na la juu lazungushwa kwa mkono. Vyote hivi ni mitambo. Vina ufundi wake, vina vipimo vyake, na aliyevitengeneza alijua pembe ya kukata na uzito wa kuacha. Mchi ukiwa mzito kupita kiasi humchosha mtwangaji, ukiwa mwepesi haukoboi.

Nasi tukitaka ushahidi kwamba kazi hiyo haikuwa nyepesi, hatuna haja ya kwenda mbali. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Fatma (r.a.) alipata taabu mikononi mwake kwa sababu ya jiwe la kusagia. Akenda kwa baba yake (s.a.w.) kuomba mtumishi, wala hakumkuta, akamwachia maneno Bibi Aisha (r.a.). Usiku Mtume akawaendea yeye na Sayyidna Ali (r.a.), akawafundisha kilicho bora kwao kuliko mtumishi: wanapokwenda kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Wengi wetu twasoma tasbihi hizo kila usiku. Wachache hukumbuka kwamba zimeanzia kwenye alama za jiwe katika mkono wa mwanamke. Jiwe kama hilo likiwa limetupwa uani kwetu, kuku wanywea maji ndani yake, je, halistahili kuinuliwa na watoto wakasimuliwa kisa hicho mbele yake?

Vivyo hivyo vipimo vya mbao na vibuyu. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Wazee wetu waliposomeshwa kwamba zaka ya fitri ni saa' moja, na kwamba saa' ni mudi 4, walikuwa na lugha ya kuielewa papo hapo, kwa sababu pishi nayo ni vibaba 4. Leo twaambiwa kilo, nasi twapima kwa kilo, na hapana ubaya. Lakini pishi kuukuu iliyo juu ya kabati ni somo zima la fikihi lililochongwa katika mti.

Mtambo mkubwa kupita yote katika miji yetu ya zamani ulikuwa shindikio la mafuta ya ufuta. Kule Lamu, kama Unguja, kilisimikwa kinu kikubwa cha gogo, ndani yake ukawekwa mchi mnene ulioegemea upande, nao ukafungwa kwa boriti ndefu. Ngamia aliyefungwa macho aliivuta boriti hiyo akizunguka duara lile lile tangu asubuhi. Ufuta ulipondwa, mafuta yakachujika, na mashudu yakabaki kuwa chakula cha mifugo. Kwa mafuta hayo watu walipika na kujipaka. Leo twanunua chupa dukani, na mtoto akiuliza mafuta hutoka wapi huambiwa yametoka dukani.

Sasa hatuna budi kusema jambo ambalo wengi hupenda kulipita. Ufuta ule na mtama ule vililimwa na nani? Tangu miaka ya 1860, mashamba makubwa ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa, na mtama wao ukapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mtumwa alipimiwa ngwe yake, yaani ukanda wa ardhi aliotakiwa kuulima, naye akaukamilisha kwa jembe la mkono. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo baadhi ya majembe yaliyomo katika maghala ya zamani hayakushikwa na babu mwenye shamba. Yalishikwa na mtu aliyetolewa mbali, ambaye jina lake huenda halikuandikwa popote.

Twalitaja hili bila nia ya kufukua uhasama. Wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa leo husimama safu moja msikitini, huoana, na huzikana. Twalitaja kwa sababu Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Dharr (r.a.), aliwaita walio chini ya mikono yetu kuwa ni ndugu zetu, akaamrisha walishwe tunachokula, wavishwe tunachovaa, wala wasikalifishwe wasiloliweza, na wakikalifishwa, basi wasaidiwe. Mtu anayeonyesha jembe akasifu mavuno, kisha akamnyamazia aliyelima, amemnyima ndugu yake haki ya pili baada ya kunyimwa ya kwanza. Ikiwa twakusanya zana za kale, na tuzikusanye pamoja na ukweli wake.

Wala tusidhani kwamba kila kilichopita kilikuwa bora. Mashine ya kusaga ilipofika, ilikuwa faraja kubwa kwa mama zetu. Nyingi ziliendeshwa na injini za dizeli za kampuni ya Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1867. Zilikuwa injini za mwendo wa polepole, zenye magurudumu mazito ya chuma ubavuni, na mlio wake ulisikika mtaa wa pili. Kazi iliyommaliza mwanamke asubuhi nzima ikawa ya dakika chache, na saa zile zilizookolewa zikapata matumizi mengine: darasa, biashara, mapumziko. Injini ya namna hiyo iliyolala kando ya kibanda ikila kutu ni sehemu ya historia ya wanawake, hata kama hakuna mwanamke aliyeiunda.

Wakati wa kukusanya zana ni pale tu zinapoacha kutumika, ilhali waliozitumia wangali hai. Waingereza waliliona hilo trekta zilipokuwa zikiwaondoa farasi mashambani: mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Reading kilianzisha makumbusho ya maisha ya mashambani, na wakulima wakapeleka majembe, mikokoteni na vyombo vya maziwa vilivyokuwa vikitupwa. Hapa kwetu, ngome ya Fort Jesus ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na Lamu ina makumbusho yake pamoja na nyumba ya Mswahili. Lakini makumbusho hayawezi kuingia katika kila ghala. Kazi ya kwanza ni ya nyumba.

Afanyeje basi mwenye kutaka kuanza? Kwanza asisugue chuma kikuukuu kwa msasa wala asikipake rangi, maana alama za matumizi ndizo zenye habari. Akifute vumbi kwa brashi kavu, kisha akipake mafuta kidogo kwa kitambaa, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi na huchochea kutu. Vya mbao viinuliwe juu ya mawe, mbali na mchwa, na vikaguliwe bungua kila baada ya miezi michache. Mpini uliovunjika usitupwe. Ufungwe pamoja na chuma chake. Kisha, na hili ndilo kubwa, kila kitu kifungiwe karatasi yenye mambo matano: jina lake kwa lahaja ya nyumba hiyo, iwe Kimvita, Kiamu au Kidigo, mahali kilipotumika, kazi yake, aliyekitumia, na aliyetoa habari hizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chombo kisicho na karatasi kitakuwa kitendawili kwa mjukuu, naye atakipeleka kwenye mizani bila majuto.

Yapo pia mambo ya sheria. Zana za marehemu ni sehemu ya mirathi, hata zikiwa na thamani ndogo. Mmoja wa warithi hana ruhusa ya kuziuza wala kuzitoa zawadi bila ridhaa ya wenzake, na walio wadogo haki yao hulindwa. Warithi wakiafikiana, wanaweza kuziwekea wakfu madrasa au shule. Wakfu si wa ardhi na nyumba peke yake: imepokewa kwamba Khalid bin Walid (r.a.) alizitoa deraya zake na zana zake katika njia ya Mwenyezi Mungu, na madhehebu yetu ya Kishafii yanakubali wakfu wa kitu kinachohamishika maadamu kinadumu na manufaa yake yapo. Ama sheria ya nchi, ile ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakihesabu chombo kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa kitu cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Mgeni akija na bei ya kupendeza, tulikumbuke hilo. Na tujihadhari na nia: mkusanyo wa kujionyesha kwa wageni hauna baraka ya mkusanyo wa kuwafundisha watoto.

Tumefundishwa kwamba Muislamu hapandi mti wala hapandi mbegu, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ila huandikiwa sadaka. Basi fikirini ni sadaka ngapi zimepita katika mpini mmoja wa jembe, na katika mchi mmoja uliolainishwa na viganja vya vizazi vitatu. Jumamosi hii, mama wa nyumba awaite watoto, wafungue ghala au watazame chini ya uvungu, watoe kitu kimoja tu. Wakipeleke kwa mkubwa wa ukoo aliye hai, wamwombe akishike jinsi alivyokuwa akikishika, na mmoja wao aandike anayoyasema.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliotajwa na wasiotajwa, na ajaalie jasho lao liwe nuru katika makaburi yao. Amin.