Mkunga: samaki anayetaka mto mzima

Neno "mkunga" lina mambo. Litaje katika wodi ya akina mama, na utaitiwa mtu mwenye mikono safi anayejua kupokea watoto. Litaje ufukweni Malindi au Lamu, na mvuvi atakuonyesha samaki mrefu, mtelezi, anayejinyonganyonga kama nyoka. Wingi ndio unaowatenganisha: wale wa hospitali ni wakunga, na hawa wa majini ni mikunga. Wanafunzi, liandikeni hilo daftarini, maana watunga mitihani hawana huruma.

Jumapili hii tunamzungumzia wa majini, na hasa yule asiyekaa baharini kwenye matumbawe, bali hupanda mitoni na kuishi miaka mingi katika maji baridi. Nataka tuanzie mahali ambapo pengine hamkutarajia: Gotu, katika Isiolo.

MTO UNAOISHIA NJIANI

Gotu iko kando ya mto Ewaso Ng'iro, kwenye njia ya kwenda Merti, chini ya mbuga ya Shaba. Nchi ni kavu, mawe ni meusi, jua halina mzaha. Mto wenyewe jina lake ni la Kimaa, na maana yake ni mto wa maji ya rangi ya udongo. Huzaliwa kwenye mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ukapita Laikipia na Archers Post, kisha ukaporomoka kwenye miamba ya upande wa Gotu na kuelekea mashariki, kwenye kinamasi cha Lorian.

Kati ya mwaka 1892 na 1893, Mmarekani William Astor Chanler aliufuata mto huu pamoja na mwenzake Ludwig von Höhnel. Walikuwa wamesikia habari za ziwa kubwa liitwalo Lorian. Walipofika wakakuta kinamasi. Maporomoko ya Chanler, yaliyo katika sehemu hizo hizo za mto, yanabeba jina lake hadi leo.

Samaki wapo. Kambare yupo, na perege yupo. Hata perege wa Buffalo Springs ana jina lake la kitaalamu, percivali, lililomtofautisha na ndugu zake. Lakini wenyeji wa sehemu hizi, Waborana, Wasomali na Wasamburu, ni watu wa ng'ombe, ngamia na mbuzi, na kwa jadi samaki hakuwa chakula chao. Aliyekua kwa maziwa na nyama hana haraka ya kutumbukiza ndoana penye mamba.

Sasa tuulize swali la siku: mkunga anataka nini ili afike Gotu? Kambare na perege huzaliwa, huoa na kufa mto huo huo. Kwao Lorian ikiwa ndiyo mwisho wa dunia, si neno. Mkunga hawezi hivyo. Yeye lazima azaliwe baharini, na lazima arudi baharini kuzaa. Katika miaka ya kawaida Ewaso Ng'iro hauifikii bahari. Ni wakati wa gharika kubwa tu ndipo maji hufurika kuipita Lorian, yakafuata bonde la Lagh Dera kuelekea mto Juba huko Somalia, na Juba ndio unaomwaga baharini. Kwa hiyo mlango wa Gotu kwa mkunga ni mlango unaofunguliwa na mafuriko, na mwenye kuingia hana hakika ya kuukuta wazi siku ya kutoka.

SAFARI YAKE

Mwanafalsafa Aristotle wa Ugiriki ya kale alidhani mikunga hutoka kwenye matope, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaona wakitaga. Tusimcheke. Ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili hadi Mdenmark Johannes Schmidt, mwaka 1922, alipotangaza kuwa mkunga wa Ulaya huzaliwa katika bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki. Mayai ya mkunga wa Japani yalipatikana baharini kwa mara ya kwanza mwaka 2009.

Mikunga wa upande wetu ni wa aina nne, na wataalamu huamini kuwa huzaliwa mashariki ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa Pwani walikiita Bukini. Mtoto wa mkunga hafanani kabisa na wazazi wake. Ni bapa kama jani, na mwili wake unapenya mwanga. Hana nguvu za kushindana na bahari, basi hujiachia kwenye mkondo unaotoka mashariki kuja pwani ya Afrika. Akikaribia nchi kavu hugeuka, akawa mwembamba kama uzi mnene, bado hana rangi, kama kipande cha kioo. Hapo ndipo anapoingia kwenye midomo ya mito: Sabaki, Tana, Rufiji na mingine.

Kisha hupanda. Hupanda usiku, akiparamia mawe yenye ukungu na hata kupita kwenye majani mabichi ikibidi. Majike ndio huenda mbali zaidi. Huko juu hukaa miaka mingi, wakila kaa, konokono, vyura na samaki wadogo. Mkunga wa madoa, aliye mkubwa kuliko wote, aweza kukaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 20. Siku inapowadia, macho yake hupanuka, tumbo hung'aa kama fedha, utumbo husinyaa. Hataki tena chakula. Mvua kubwa ikinyesha huteremka na maji hadi baharini, akazaa mara moja tu, na huo ukawa mwisho wake.

Ndiyo sababu Ziwa Viktoria halina mkunga huyu. Njia yake ya baharini ni Nile, yenye maporomoko yasiyopitika na urefu wa kukatisha tamaa. Wanaosema wamemvua huko mara nyingi wamemvua kamongo, ambaye ni samaki mwingine kabisa, mwenye mapafu. Lakini katika Ziwa Nyasa mkunga huonekana, kwa kuwa mto Shire hulifungulia njia ya Zambezi na bahari.

KUMVUA

Mvuvi wa mkunga ni mtu wa usiku. Mchana samaki huyu hujificha kwenye shimo la ukingo, chini ya jiwe au kwenye mizizi. Giza likiingia, na hasa mwezi ukiwa haupo na maji yamechafuka kwa mvua, hutoka kuwinda kwa kunusa. Macho yake ni madogo, lakini pua yake ni ya ajabu.

Vyombo si vingi. Mshipi uwe mnene, ndoana iwe imara, na chubwi iwe nzito kiasi cha kukilaza chambo chini kabisa. Chambo kiwe chenye harufu: kipande cha samaki, utumbo wa kuku, ini, au nyungunyungu wengi kwa pamoja. Mkunga haparamii chambo kama perege. Huvuta polepole, akaacha, akavuta tena. Akishameza, usimpe nafasi, kwani kazi yake ya kwanza ni kurudi shimoni kinyumenyume na kujizungusha kwenye mzizi. Akishaushika mzizi, utakatika mshipi wako kabla yeye hajaachia.

Wengine hutumia mgono, ule mtego wa kusukwa wenye mdomo wa kuingilia usiotokeka. Hutegwa jioni ukiwa na chambo ndani, mdomo ukielekea upande wa chini wa mto ili harufu imvute, na huteguliwa alfajiri. Kumshika kwa mikono mitupu ni kujisumbua. Tumia gunia kavu, au mpake majivu, kwani majivu ndiyo dawa ya ule utelezi wake.

Nyumbani, mkate ngozi kuzunguka shingo na kuivuta kuelekea mkiani kama unavyovua soksi. Nyama yake ina mafuta, hivyo kuchoma au kukausha kwa moshi humfaa kuliko kukaanga. Akina mama wasikilize hapa: damu ya mkunga mbichi ina sumu. Isiguse jicho wala kidonda, na nyama iive barabara, kwani moto ndio unaoiondoa sumu hiyo. Kuhusu dini, Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi katika Pwani yetu, humla. Mashia Ithnaashari hawali samaki asiye na magamba, na Wayahudi vilevile.

Na kwa vijana wenye damu moto: usiende kutega usiku Gotu, Shaba wala kwenye Galana. Mamba wa mito hiyo nao ni wavuvi wa usiku, na hawana haja ya ndoana. Tena uvuvi unahitaji leseni, na ndani ya mbuga unahitaji ruhusa.

UKUTA NA UCHAFU

Katika miaka ya 1950, mtaalamu Mwingereza Winifred Frost aliwachunguza mikunga wa mito ya Kenya na kuandika juu ya maisha yao. Wakati huo hapakuwa na hata bwawa moja kati ya yale makubwa matano ya Tana. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo yametuletea umeme, na huenda taa inayokuangazia sasa hivi inatoka huko. Hatuwezi kuyatukana. Lakini kwa mkunga anayepanda kutoka baharini ni milango mitano iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine.

Mtoto wa mkunga ni mkwezi hodari. Hata baada ya bwawa la Kariba kujengwa katika mto Zambezi mwaka 1959, mikunga wamepatikana juu yake. Lakini wanaofaulu ni wachache, na wakishakua hukabiliwa na hatari ya pili: mashine za kuzalisha umeme huwakatakata wanapoteremka kwenda kuzaa. Mkunga mmoja jike akifa hapo, hafi peke yake. Hufa na mayai yake yote, kwani hakuwahi kutaga hata mara moja.

Wenzetu wamejaribu kumsaidia. Katika mto Bann huko Ireland ya Kaskazini, wavuvi walitandika kamba za majani makavu ili watoto wa mikunga wazikwee, wakawabeba hadi ziwa la Lough Neagh, ambalo kwa miaka mingi lililisha familia za wavuvi. New Zealand huwakusanya chini ya mabwawa na kuwapandisha kwa magari. Si mambo ya gharama kubwa. Ni mambo ya kukumbuka mapema.

Nasi tunayo nafasi ya kukumbuka. Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na mwisho Sabaki, kwa muda mrefu haukuwa na ukuta mkubwa kama ile ya Tana. Bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018, na ukuta wake umepangwa kuzidi mita 80. Watu wa Makueni na Kitui wana kiu, na maji ni haki yao. Swali linalopasa kuulizwa na mapema ni moja tu: mkunga ametengenezewa njia gani?

Kuna swali jingine, na hili ni la sisi wa mjini. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong humwagia maji yake Athi. Mfuko wa plastiki uliotupwa Korogocho, mafuta machafu yaliyomwagwa mtaroni Industrial Area, maji ya choo yaliyoelekezwa mtoni usiku, vyote hushika njia ile ile ambayo mkunga huifuata akija kutoka Madagaska. Yeye huja kwa kunusa. Fikiria anakutana na harufu gani.

Usidhani samaki hawezi kwisha. Watoto wa mkunga wanaofika Ulaya wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1980, na mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulifunga biashara ya kumwuza nje. Wanunuzi hawakuacha kula. Waligeukia mito ya watu wengine. Wala ufugaji haujawa jibu, kwani mashamba ya mikunga huanza na watoto waliokamatwa kwenye midomo ya mito. Anayekuahidi utajiri wa haraka kwa mikunga wa kufuga, mwulize kwanza vifaranga atavitoa wapi.

Turudi Gotu. Kila kiangazi maji ya Ewaso Ng'iro huchotwa huko juu na mashamba, na miezi mingine mchanga ndio unaobaki huku chini. Mfugaji wa Merti anayefukua mchanga kutafuta maji ya ng'ombe wake hamjui mkunga na pengine hatamla kamwe. Lakini shida yao ni moja. Wote wawili wanategemea mto uliokamilika, tangu mlimani hadi unakoishia, na wote wawili hudhulumiwa na mtu wa juu anayedhani kuwa mto unaishia shambani kwake.

Wazazi, mtakapowapeleka watoto kuona maporomoko ya Fourteen Falls au daraja la Sabaki, waulizeni maji yale yametoka wapi na yanakwenda wapi. Mtoto anayeweza kujibu hilo hatatupa taka mtoni. Jumapili njema.