Nani Kasema Samaki Mkavu Hakunjiki?

Waswahili wana methali ambayo sisi walimu tumeichakaza kwa kuitumia: samaki mkunje angali mbichi. Tunaiandika ubaoni, tunaitungia maswali ya insha, na siku ya mkutano wa wazazi hatukosi kuitamka. Leo nakusudia kuitilia shaka, na shahidi wangu ni gitaa kuukuu lililotundikwa ukutani nyumbani kwetu Mutomo, kusini mwa Kitui.

Gitaa hilo lilikuwa la mjomba wangu. Ndiye aliyenifunza kulipiga katika miaka ya 1990, nilipokuwa shule ya sekondari. Zama hizo nyimbo za Kakai Kilonzo na kundi lake la Kilimambogo zilikuwa zingali zikivuma Ukambani, ijapokuwa mwenyewe alikuwa ameaga dunia mwaka 1987. Mjomba hakujua kusoma muziki ulioandikwa. Alisikiliza redio, akafumba macho, kisha akaviacha vidole vitafute njia. Nilipopata nafasi ya kwenda chuo kikuu, marehemu baba, ambaye naye alikuwa mwalimu, alinishauri niachane na ala ya walevi. Nikatii. Zikaja shahada, ndoa, watoto na mikopo. Miaka ishirini na zaidi ikapita bila mimi kugusa uzi.

Mjomba alipofariki, jamaa waliamua kuwa gitaa ni langu. Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu. Mbao zilikuwa zimenywea kwa ukavu wa kwetu, hata ncha za vile vyuma vya shingoni zikachomoza na kukikwaruza kiganja. Nilitia nyuzi mpya, nikasugua ncha zile kwa tupa, nikaketi chini ya mwembe nikiamini kwamba vidole havisahau.

Lahaula! Vilikuwa vimesahau karibu kila kitu. Kidole cha pete kilikataa kutengana na jirani yake. Nyuzi zilinikata, kwa sababu sugu za ujana zilikuwa zimeyeyuka zamani. Jambo lililoniudhi kupita yote ni kwamba sikio langu lilikuwa bado linajua. Nilisikia waziwazi kila kosa nililolifanya, nisiweze kulirekebisha. Mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, aliyefunzwa na rafiki zake, alinitazama kwa huruma akasema, “Mjomba, vidole vyako ni kama kuni.” Kisha akacheka. Nami nilicheka, lakini moyoni niliumia, na jioni ile sikulishika tena.

Usiku huo nilimkumbuka mtu niliyekuwa nimemsahau. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mwenye umri kama wangu, aliyekuja chuoni nyakati za likizo kusomea shahada. Kikamba hakina sauti ya r, na wasemaji wake wengi hutamka l mahali pake wanaposema Kiswahili. Siku moja alipokuwa akiwasilisha kazi yake, l hizo zilimtoka mfululizo. Mimi, mtaalamu wa isimu, Mkamba mwenzake ninayejua fika chanzo cha jambo hilo, nilimkatiza mbele ya darasa nikasema kwa mzaha kuwa samaki huyu amekwisha kukauka. Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mama yule hakufungua kinywa darasani. Niliona ukimya wake, nikaudhania kuwa ni uvivu.

Naam, ilinibidi niumwe na nyuzi za gitaa ndipo nielewe nililomtendea. Yeye naye sikio lake lilisikia kosa. Ulimi ndio uliokuwa haujatii.

Labda msomaji atasema kwamba sayansi iko upande wa methali. Ni kweli kwamba mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja mashuhuri kwamba akili ya binadamu ina kipindi maalumu cha kupokea lugha, kinachokoma karibu na kubalehe. Ni kweli pia kwamba lafudhi ya mtu mzima ni vigumu kubadilika. Lakini mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha utafiti wao juu ya wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi. Waliowatangulia wenzao kujifunza Kiholanzi walikuwa vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Watu wazima nao walipiga hatua za haraka mwanzoni. Waliobaki nyuma kabisa katika mitihani mingi ni watoto wa miaka mitatu hadi mitano, wale wale samaki wabichi tunaowasifu! Aghalabu mtoto hushinda mwishoni kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake, ana saa nyingi za kucheza na lugha, na hakuna amchekaye akikosea. Mtu mzima hupewa saa chache na kicheko kingi.

Katika muziki wetu tunao mfano wa aliyerejea ukubwani. Fundi Konde, mwana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, alitumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na akawa miongoni mwa wapiga gitaa mashuhuri wa Kenya katika miaka ya 1950. Kisha akanyamaza kwa miaka mingi. Alipokuwa amepita umri wa miaka sitini alirudi, akarekodi pamoja na kundi la Them Mushrooms, na vijana wakaujua usanii wake kabla hajafariki mwaka 2000. Mimi si Fundi Konde, wala sitakuwa. Ila historia yake inatukumbusha kuwa kunyamaza si kufa.

Nilirejea kwenye gitaa. Sikufanya mazoezi ya saa tatu kila Jumamosi. Nilitenga dakika ishirini kila jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, kwani tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake kuhusu kumbukumbu mwaka 1885 tunajua kuwa mafunzo yaliyogawanywa siku nyingi hukaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Baada ya miezi minne sugu zilirudi, na wimbo mmoja wa mjomba ukaanza kutambulika. Mpwa wangu ndiye mwalimu wangu hadi leo, ila ameacha kucheka.

Likizo iliyofuata nilimwomba radhi yule mama mbele ya darasa lile lile. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Daktari, mimi nami nina mtoto wa darasa la sita niliyemwambia maneno kama hayo.” Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo penye hatari, walimu wenzangu. Dharau hufundishwa kama somo lolote lile, na hupokewa upesi kuliko sarufi. Mwalimu ambaye kwa miaka ishirini hajajifunza jambo lolote linalomshinda husahau uchungu wa kushindwa. Akishausahau, humwona mwanafunzi azembeaye na mwanafunzi atatizikaye kuwa ni mtu mmoja.

Kwa hivyo nina maombi mawili. Kwako wewe mwalimu, chagua jambo moja usilolijua kabisa, liwe gitaa, ushonaji au lugha ya jirani yako, ujifunze kwa mtu atakayekusahihisha. Kwenu walimu wakuu, zipo shule ambazo ala za muziki hutolewa ghalani msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya, zikarudishwa kufungiwa kikombe kikishapatikana au kukoswa. Fungueni ghala hizo jioni, walimu na wanafunzi wajifunze pamoja, bila mtihani wala kikombe. Mtoto akimsikia mwalimu wake akikosea, akarudia, akakosea tena na asione haya, atakuwa amefunzwa jambo ambalo silabasi haina mahali pa kuliandika.

Na ile methali? Sitaifuta ubaoni. Nitaendelea kuifundisha, lakini nitaongeza neno moja la mpishi: samaki mkavu huroweshwa kwanza, tena kwa subira.