WAGENI WALIPOONDOKA KONGWA



Katika kuzunguka matawi ya chama tulifika Kongwa, na mkutano ulipokwisha alitufuata mtu mmoja mwenye mvi, akasema ana shauri dogo. Halikuwa dogo hata kidogo. Mtu huyu alizaliwa hapo Kongwa katika miaka ya sitini, mama yake Mgogo, baba yake mpigania uhuru aliyekuwa kambini. Uraia wake hauna mashaka, maana alizaliwa hapa na mama Mtanzania. Taabu yake ni nyingine. Kila anapojaza karatasi za serikali, penye jina la baba huandika jina moja aliloachiwa na mama yake, na jina lenyewe ni la vita. Wapigania uhuru walipofika kambini walibadili majina, ili Makaburu na Wareno wasiwajue wala wasiwatese wazazi wao waliobaki nyumbani. Kwa hiyo hata mtu huyu akisafiri leo mpaka huko kusini na kulitaja jina hilo kijiji kwa kijiji, hakuna atakayegeuka. Karani mmoja aliwahi kumwambia kwa mzaha kwamba basi aandike baba yake ni "Kambi". Yeye alitusimulia huku anacheka. Sisi hatukuweza kucheka.

Twaandika juu ya jambo hili kwa sababu sisi Waafrika twajisifu sana kwa kumpokea mgeni. Tuna methali tele za kumpokea, siku ya kwanza mpe hiki, siku ya tatu mpe jembe. Lakini namna mtu aliyekaa ugenini miaka mingi anavyopaswa kujitayarisha kuondoka, hilo hatulisemi. Nasi watu wa Dodoma tungeweza kulisema kuliko wengine wote, maana Kongwa imekwisha kuachwa na wageni mara mbili.

Mara ya kwanza walikuwa Waingereza. Mwaka 1947 walikuja na mradi wa karanga. Walikusudia kulima ekari zipatazo milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, ili Uingereza iliyotoka vitani ipate mafuta ya kula. Wakajenga reli mpaka Kongwa, wakajenga nyumba, hospitali, na shule ya watoto wa Kizungu. Mzee yeyote wa Kigogo angewaambia kwamba mvua yetu haina ahadi, na kwamba udongo huu ukikauka huwa kama saruji. Hawakuuliza. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zilikuwa zimekwisha potea. Basi wakajitayarisha kuondoka kama wanavyoondoka watu wa kampuni: wakahesabu matrekta, mengine wakayauza, mengine wakayaacha yaliwe na kutu. Hatuna la kuwadai hapa. Walikuja kwa ajili ya karanga, na karanga hazikuota.

Wageni wa pili walikuwa ndugu zetu, na kwa sababu ni ndugu hesabu yao ni nzito zaidi.

Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam, na mwaka 1964 serikali ya TANU iliwapa wapigania uhuru mahali pale palipoachwa na Waingereza wa karanga. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, na ZAPU wa Zimbabwe. Kwa Kiswahili kongwa ni ule mti waliofungwa nao watumwa shingoni; basi katika mji wenye jina hilo walifunzwa watu wa kuukata mti huo. Samora Machel alikuwa hapo. Chris Hani alikuwa hapo. Wapiganaji wa SWAPO waliokabiliana na Makaburu huko Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966 walikuwa wametokea Kongwa. Twayataja haya tukijua kwamba watoto wengi wa shule mkoani kwetu hawajapata kuyasikia, na hilo ni aibu ya walimu, na mwandishi wa safu hii, aliyesomea ualimu, ni mmoja wao.

Kijana aliyekaa mwaka mmoja, miwili, mitano, mbali na mama yake, hakai kama jiwe. Alinunua mtama na kuku kwa wananchi, akajifunza Kiswahili na maneno ya Kigogo, akaalikwa ngomani. Akapata mchumba. Wengine walifuata taratibu, wakafika kwa wazee na kuzungumza habari za mahari; wengine hawakufuata. Watoto wakazaliwa.

Kisha amri ya kuondoka ikaja, nayo haikuja kwa wote siku moja. Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC walitakiwa waondoke nchini kwa muda, wakasafirishwa kwenda Urusi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Angola tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, na njia ya Angola ilipofunguka SWAPO nao wakahamishia vita yao huko. Askari wa siri haagi. Lori likija usiku, alfajiri chumba ni kitupu, na mwanamke aliyekuja na uji asubuhi hapati wa kumwuliza. Mama wa yule mtu aliyetufuata aliondokewa hivyo. Hatumlaumu kijana aliyetii amri. Angalitaja safari yake, wenzake wangaliweza kuuawa njiani. Wengi hawakufika hata huko walikokuwa wakienda. Na wengine hawakuondoka kabisa, makaburi yao yapo Kongwa mpaka leo.

Hiyo ndiyo haki ya vita, nasi twaikubali. Lakini sasa tushuke na reli ya kati mpaka Morogoro, tuone mambo yalivyokuwa wakati siri haikuhitajika tena.

Pale Mazimbu, katika shamba la zamani la mkonge lililotolewa na serikali yetu mwaka 1977, ANC walijenga chuo na kukipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa, hospitali, mashamba, na watu wa kila umri. Tarehe 2 Februari 1990 ANC wakaruhusiwa tena kwao, na siku 9 baadaye Mandela akatoka gerezani. Tangu siku hiyo kila mtu wa Mazimbu alijua kwamba atarudi nyumbani. Hapakuwa na lori la usiku. Palikuwa na orodha, fomu, ndege, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likisaidia. Mwaka 1992 majengo yote yakakabidhiwa rasmi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Wapo waliofanya inavyostahili: waliwaoa wake zao kwa cheti, wakapanda nao ndege pamoja na watoto. Twawapa heshima yao. Lakini wapo walioondoka kwa maneno ya "nitatuma barua", na barua haikuja. Watafiti wawili, Arianna Lissoni na Maria Suriano, waliandika mwaka 2014 habari za wanawake wa Tanzania waliofungamana na watu wa ANC, waliokwenda na waliobaki, na asomaye ataona kwamba mambo ya Kongwa si hadithi ya bahati mbaya ya mwanamke mmoja. Majengo yalipata hati ya makabidhiano. Mtoto aliyekuwa akicheza nje ya majengo hayo alipewa hati gani?

Mtu atasema kazi hiyo haiwezekani, watu ni wengi na mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Si kweli. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na kukaa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, waliulizwa mwaka 2007, familia kwa familia: mwarudi kwenu au mwaomba uraia wa Tanzania? Zaidi ya 50,000 wakachagua kurudi. Zaidi ya 160,000 wakakubaliwa uraia, na mwaka 2014 wakaanza kupokea vyeti vyao. Zilikuwapo taabu na ucheleweshaji, hilo twalijua. Hata hivyo kila mmoja aliulizwa na jibu lake likaandikwa. Kama jambo hilo liliwezekana kwa watu zaidi ya laki mbili, lingaliwezekanaje kushindikana kwa familia za Kongwa na Mazimbu?

Nasi tusijifanye watakatifu. Sisi wenyeji ndio tuliokuwa na ofisi za wilaya, za kata na za chama. Tulijua nani amezaa na nani. Kongwa ya siku hizo haikuwa London. Tuliona haya kuwauliza mashujaa maswali ya nyumbani, tukadhani kuuliza ni kuidharau vita yao. Ugogoni mtoto huulizwa ukoo wa baba siku ya kuoa, na siku ya msiba pia, na mama aliyelea peke yake ndiye aliyebeba maswali hayo. Hakuna kamati iliyomsaidia kuyajibu.

Siku hizi Kongwa inahesabiwa miongoni mwa mahali pa Urithi wa Ukombozi wa Afrika. Ni jambo jema, twaliunga mkono. Lakini twasema waziwazi kwamba kupaka chokaa makaburi na kuwaacha walio hai bila jina la baba ni kazi nusu. Majina halisi yapo katika kumbukumbu za vyama vile, pamoja na majina ya vita. Nchi zote tano zina balozi hapa nchini. Wanachotaka watu hawa si fedha, na mtu wa Kongwa alilirudia neno hilo mara mbili tusije tukamwelewa vibaya. Wanataka jina moja lililowekwa mkabala na jina jingine, na mahali alipozikwa mtu kama amekwisha kufa.

Twawaomba viongozi wa Kongwa na Mpwapwa waanze wiki hii, wasingoje mgeni wa heshima. Akina mama waliobaki ni wazee wa miaka 75 na 80, na mvua za mwaka mmoja zaweza kutunyang'anya nusu yao. Yaandikwe: jina la mama, jina la vita la baba, chama chake, mwaka alioondoka, alama yoyote aliyoiacha, picha au barua. Daftari la kwanza tumekwisha kulinunua, lipo ofisi ya tawi, na ukurasa wa kwanza una maandishi tayari. Mama yake yule mtu ameletwa kwa baiskeli kutoka kijijini, akakaa mpaka jioni akitaja aliyoyakumbuka.