Mwacheni Ameze Dawa Yake

Ndugu zangu wa Katuba, hapa Lubumbashi, katika parseli zetu, ambamo familia kadhaa hushiriki ua mmoja na choo kimoja, siri haikai. Ndiyo maana yuko mtu anayebandua karatasi ya kopo la dawa zake za SIDA (UKIMWI), anafunga vidonge katika kitambaa visilie, kisha anangoja wote walale ndipo ameze. Mgeni akilala chumbani mwake, siku hiyo hamezi. Sisi na midomo yetu ndio tuliomzuia.

Virusi vya SIDA vina umri mkubwa hapa kwetu. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza chembe zake za urithi walikadiria kwamba vilitoka Kinshasa na kufika Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya 1930, vikifuata njia za reli pamoja na wasafiri. Basi tusitafute wa kulaumiwa katika avenue yetu.

Tuzungumzie dawa. Virusi huingia katika chembe nyeupe za damu, askari wanaotulinda, na kuzaliana humo mpaka kinga iishe. Dawa huzuia kuzaliana huko. Siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani. Mtu akikimeza bila kuruka, kipimo cha damu kisipoona tena virusi na hali hiyo ikadumu, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito akitunzwa hivyo, mtoto karibu kila mara husalimika. Lakini virusi vichache hubaki vimejificha mwilini. Ukiacha dawa, vinarudi.

Wachungaji wetu, nawasihi: ombeeni wagonjwa, wawekeeni mikono, ila msimwambie mtu atupe dawa ili aonyeshe imani. Imani na kidonge havigombani. Baba, msindikize mke wako kliniki ya wajawazito, mpimwe wote wawili. Mwenye parseli, usimfukuze mpangaji. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kuwabagua wenye virusi.

Nawe uliyeacha dawa kwa aibu au kwa kuchoka, rudi kituo cha afya kesho asubuhi. Dawa hutolewa bure. Sema kweli umekaa bila dawa muda gani, wahudumu wajue pa kuanzia. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Na wewe uliyeombwa, funga mdomo, vaa viatu, mwende.