Karuba: Resori ya lori isichomelewe kwa kubahatisha

Lori lenye viazi na maharagwe likivunjika resori kwenye njia ya Karuba kuelekea Sake, dereva hutafuta fundi wa kuchomelea aliye karibu. Muda si mrefu chuma kimeungwa, na safari ya Goma inaendelea, abiria wakiwa juu ya magunia. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Chuma cha resori si sawa na cha mlango. Kina kaboni nyingi na mara nyingi huchanganywa na kromu au silikoni. Kiwandani hupashwa moto, hupozwa haraka, kisha hupashwa tena kwa kiasi ili kiwe kigumu na bado kinyumbuke. Moto wa kuchomelea huharibu kazi hiyo yote. Pembeni mwa kiungo chuma hupoa ghafla na kuwa rahisi kuvunjika kama kioo. Ufa unaweza kutokea saa nyingi baadaye, hata siku mbili, lori likiwa mbali. Kiungo kizuri kwa macho hakithibitishi kitu.

Ndiyo maana katika viwanda vikubwa mbinu hupimwa kabla ya kutumika. Vipande viwili vya chuma cha aina ileile huunganishwa, na yote huandikwa: aina ya bageti, nguvu ya umeme, joto la kabla na la baada. Kisha kiungo hukatwa, hukunjwa, huvutwa mpaka kikatike, na ugumu wake hupimwa. Kikishindwa, mbinu hiyo huachwa.

Wengine watasema kijijini hakuna maabara na resori mpya ni ghali. Ni kweli. Lakini kwa resori jibu la haki ni moja: ibadilishwe. Kwa vyuma vingine vigumu, fundi achomelee kwanza kipande cha majaribio, akiache kwa siku mbili, kisha akikunje kwa nyundo. Kikikatika kando ya kiungo, asiguse chuma cha mteja.

INPP, taasisi ya serikali inayofundisha ufundi tangu 1964, ingefaa kuwafikishia mafundi wa Masisi somo hili kila amani inaporuhusu. Na fundi asilaumiwe peke yake. Mwenye lori anayetaka kazi ya haraka na ya bei ndogo ndiye anayeamua. Kabla ya kulipa, aulize swali moja: mbinu hii imejaribiwa wapi? Anayepanda juu ya magunia hana nafasi ya kuuliza.